Vifaa vya kumkinga farasi na mbu Lubumbashi: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe

Mvua za Novemba zikikaribia Lubumbashi, makopo ya kupuliza hupangwa rafu ya mbele katika maduka ya dawa za mifugo, na muuzaji ana jibu moja kwa kila mwenye farasi: «Papa, hii inauaka imbu yote.» Haiui yote. Kati ya vitu ambavyo mwenye banda la farasi hushauriwa kununua kwa ajili ya mbu, kopo ndilo linaloisha nguvu upesi, na kwa msimu mzima ndilo linalokula pesa nyingi. Tathmini hii inavipitia vitu hivyo kwa kufuata faida yake. Rafu ya duka ina mpangilio wake mwingine.

Kwanza ijulikane tunazuia nini. Virusi vya mbu vinavyojulikana zaidi kwa farasi barani kwetu ni vya West Nile, vilivyotengwa mara ya kwanza mwaka 1937 kutoka kwenye damu ya mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile, Uganda, hapo ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Makao yake ni ndege. Mbu wa jamii ya Culex humnyonya ndege mwenye virusi, hukaa navyo siku kadhaa hadi vifike kwenye mate yake, kisha humuuma farasi au mtu. Hapo njia inakatika. Katika damu ya farasi, kama ilivyo katika yetu, virusi havifiki wingi wa kumwambukiza mbu mwingine. Kwa hiyo farasi hamwambukizi anayempiga brashi wala anayempanda. Kazi yake ni ya shahidi: akiwa na kingamwili, alama ambazo mwili huacha kwenye damu baada ya kukutana na virusi, anasema kwamba mbu wenye virusi waliruka pale alipolala.

Na pale alipolala hakulala peke yake. Palefrenye, yaani mtunza farasi, ana chumba chake mwisho wa banda, na mlinzi anakesha kwenye kiti mlangoni. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, kama 8 hawasikii chochote, na wengi wa waliobaki hupata homa, kichwa na maumivu ya viungo. Takriban mmoja kati ya 150 hupata ugonjwa wa ubongo au utando wake, na hatari hiyo hupanda sana kwa waliovuka miaka 60. Farasi ana hali mbaya zaidi: kama mmoja kati ya 10 walioambukizwa huonyesha dalili za neva, na katika hao karibu theluthi hufa au hulazimika kuuawa. Basi kila kifaa hapa kinahukumiwa kwa maswali mawili: je, kinapunguza kuumwa kwa farasi, na je, kinapunguza kuumwa kwa mtu anayelala mita kumi kutoka kwake? Kopo linapata sifuri kwenye swali la pili.

Cha kununua kwanza hakina harufu wala picha ya farasi kwenye boksi. Ni Bti, dawa ya bakteria inayotiwa majini kuua viluwiluwi. Kiluwiluwi lazima aile. Ikifika tumboni humwua ndani ya saa 24 hadi 48. Haimdhuru farasi anayekunywa maji hayo, wala samaki, jambo lenye uzito mjini hapa ambako mabwawa ya samaki huwa jirani na mashamba ya mifugo. Ile ya tembe kubwa za kuelea ndiyo rahisi zaidi: tembe moja hutosha maji ya upana wa hadi mita 9 za mraba kwa siku 30, na kwa pipa lililokatwa nusu, robo ya tembe inatosha. Kina cha maji hakihesabiwi, upana ndio unaohesabiwa, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakatupa tembe tatu kwenye kisima chembamba.

Lakini Bti ina udhaifu ambao muuzaji hautaji. Pupa, yule mdogo aliyejikunja kama alama ya mkato, hali kitu, kwa hiyo haimpati. Ukiiweka leo, bado utaona mbu wapya siku mbili tatu. Tena kwenye maji mazito ya mfereji wa kinyesi hufifia haraka. Kwa maji ya namna hiyo tafuta dawa ndugu yake, ile ya Lysinibacillus sphaericus, inayodumu wiki kadhaa kwenye uchafu na inayowapata hasa Culex. Kuhakikisha ni rahisi: chota maji kwa kikombe cheupe mara kumi kando ya mfereji, hesabu viluwiluwi, tia dawa, rudi baada ya siku mbili uchote tena. Wakibaki wengi, dawa imeharibika kwa joto la ghala au kipimo kilikuwa kidogo.

Maji ya kunyweshea yenyewe hayahitaji dawa yoyote. Kutoka yai hadi kuruka, mbu huhitaji siku 7 hadi 10 maji yakiwa na joto. Birika likimwagwa lote kila siku ya nne na kusuguliwa kuta zake, hakuna mbu atakayemaliza safari hiyo. Kinachoharibu mpango ni birika la zege lisilo na tundu la chini: haliwezi kumwagwa lote, hivyo sentimita tano za mwisho hubaki mwaka mzima. Kutoboa tundu na kulifunga kwa kizibo ni kazi ya fundi ya nusu siku, na inashinda makopo ya msimu mzima.

Kuna na shimo la choo. Culex quinquefasciatus, mbu wa usiku wa mijini, hupenda mashimo yenye maji machafu kuliko mahali pengine popote. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo kama hayo yalifunikwa kwa punje za polistirini, zile nyeupe nyepesi za kufungia vyombo, na mbu wakapungua sana. Tabaka la sentimita moja linatosha, maana yake lita 10 za punje kwa kila mita ya mraba ya maji. Mbu hapati pa kutaga, na kiluwiluwi hapati pa kupumulia. Inafaa kwa shimo lenye kuta na lisilofurika tu. Shimo linalofurika mvua ya Januari litazimwaga punje zote uani.

Cha pili ni wavu. Kwa dirisha la banda, wavu wa kawaida wenye matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5 humzuia mbu. Haumzuii usubi, mdudu wa milimita 1 hadi 3 anayeleta tauni ya farasi, ugonjwa unaoua farasi wengi kuliko West Nile katika kusini mwa Afrika. Huyu hupenya. Ukiweka wavu wa matundu madogo zaidi, banda linakosa hewa, na farasi katika banda lililojaa amonia ya mkojo huanza kukohoa. Njia ya katikati ni wavu wa kawaida uliotiwa deltametrini, dawa ya kuua wadudu, ambao usubi akigusa anakufa au anageuka. Kwa pesa ileile unajikinga na maradhi mawili.

Ufungaji ndio unaoamua kama wavu una thamani. Fremu ya mbao ipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 5 kila upande, maana matofali ya kuchoma hayanyooki na pengo la kidole linatosha kwa kundi zima. Wavu ukae nje, na ndani, kwa umbali wa sentimita 30, pawekwe nondo au waya mnene, la sivyo farasi ataula wiki ya kwanza. Mlango uwe na springi ya kujifunga, na chini yake ukanda wa mpira ulioachwa chini ya sentimita moja kutoka sakafuni. Farasi waingie kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, watoke saa moja asubuhi. Banda lenye wavu mzuri linalofungwa saa mbili usiku limewafungia mbu ndani pamoja na chakula chao.

Na wavu mwingine, wa bei ndogo kuliko yote, ni wa kitanda cha palefrenye na kitanda cha mlinzi wa zamu. Huo unakinga dhidi ya malaria pia. Ni ajabu jinsi unavyosahaulika katika bajeti inayopata nafasi ya shuka ya farasi iliyoagizwa kutoka Ulaya.

Shuka zenyewe, zile za nailoni zenye vitundu, zina nafasi yake mchana kwa nzi. Kwa mbu ni nusu kazi: zinafunika mgongo na shingo, miguu na uso vinabaki wazi, na pale zinapobana ngozi mbu huuma kupitia vitundu. Pima kutoka katikati ya kifua hadi ncha ya tako, kwa sentimita, na uchague yenye kipande cha tumbo. Bila kipande hicho usubi anafaidi, maana anapapenda.

Sasa makopo. Yenye permetrini hufukuza na kuua mbu anayetua, lakini jasho, jua na mvua huiondoa. Baada ya mazoezi ya asubuhi, jioni imebaki kidogo sana, ilhali ndipo Culex anapoamka. Anayelitumia alipulize jioni, kwenye manyoya makavu yaliyopigwa brashi, miguu na tumbo kwanza, na usoni apake kwa kitambaa. Lisifike machoni. Paka wa banda afungiwe mahali pengine hadi manyoya ya farasi yakauke, kwa sababu permetrini humwua paka. Mabaki yasimwagwe mferejini, huua samaki. Dawa ya icaridini ya asilimia 20 ni mbadala mzuri, na palefrenye anaweza kuitumia kwenye ngozi yake mwenyewe, ambayo ni alama ya ziada. DEET, dawa nyingine ya kufukuza mbu, ni ya watu: ikipakwa farasi kwa nguvu kubwa na kurudiwa, hutoa jasho lisilo la kawaida na kuharibu ngozi.

Hapa kuna onyo moja la kuandikwa ukutani. Dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi isimguse farasi, hata ikiwa imepunguzwa maji, hata kama jirani anasema yake ilifaa. Amitrazi husimamisha utumbo wa farasi. Kinyesi hukwama kwenye utumbo mkubwa na mnyama huumwa tumbo hadi kufa. Chupa hizo hukaa rafu moja na za permetrini na mara nyingi jina la kiwanda ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa. Soma mstari wa kiambato, na kama duka linapima dawa kwenye chupa za maji bila lebo, usinunue hapo.

Feni ni kifaa kinachodharauliwa bila sababu. Mbu anaruka vibaya. Upepo wa mita 2 kwa sekunde kwenye mgongo wa farasi unamshinda yeye na usubi pia. Iwe feni ya shambani yenye mota iliyofungwa isiingie vumbi, ifungwe juu ya kichwa cha farasi, waya ndani ya bomba. Feni ya mezani, ya sebuleni, ina mota wazi: vumbi la majani makavu hujaa, mota inachemka, na banda linaungua. Tatizo la Lubumbashi ni umeme kukatika saa zilezile mbu wanapotoka, kwa hiyo bila jenereta au betri, feni ni msaada wa pembeni.

Taa za buluu zinazopasua wadudu hazistahili aya. Zinaua nondo na kumwita mbu karibu na farasi.

Huduma ya kufukiza moshi ina wateja wengi kwa sababu inaonekana. Moshi huua mbu aliye hewani dakika ile. Hauachi chochote ukutani, na baada ya siku chache kizazi kipya kimetoka majini. Ukifanywa saa nne asubuhi, kama inavyopendwa na wafanyakazi wa zamu ya mchana, Culex amejificha na hewa ya joto inaupandisha moshi mbinguni. Ukilazimika, dai ufanywe jua linapozama, upepo ukiwa mdogo, farasi nje, mabirika yakiwa yamefunikwa.

Kupuliza kuta kwa dawa inayobaki ni huduma nyingine kabisa, na hiyo tunaipendekeza. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: ni dawa gani, miligramu ngapi kwa mita ya mraba, lita ngapi kwa ukuta wako. Kwa lambda-sihalotrini kipimo ni miligramu 20 hadi 30. Pakiti ya gramu 62.5 ya unga wa asilimia 10, ikichanganywa kwenye lita 10 za maji, inatosha mita 250 za mraba, yaani mililita 40 kwa kila mita. Mpulizaji anayemaliza banda la mita 250 kwa lita 4 amekuuzia maji yenye harufu. Tofali lisilopigwa lipu hunywa dawa na kuifupisha, lililopigwa lipu na rangi huishika miezi kadhaa. Hori la chakula lifunikwe, farasi wasirudi kabla ukuta haujakauka. Mbu wa mijini wakiwa wameizoea jamii hii ya dawa, utawaona wametua ukutani wazima siku iliyofuata. Basi dai jamii nyingine ya dawa, kuongeza kipimo hakusaidii.

Chanjo ya West Nile ipo kwa farasi, kwa watu haipo. Zinazojulikana Ulaya ni Equip WNV, Proteq West Nile na Equilis West Nile. Zote huanza kwa sindano mbili kwenye msuli, mililita 1 kila moja, kwa pengo la wiki 3 hadi 5, isipokuwa Proteq ambayo pengo lake ni wiki 4 hadi 6. Kisha moja kila mwaka. Mtoto wa farasi huanzia miezi 5 au 6. Sindano moja peke yake ni pesa iliyotupwa. Kwa hali ya hewa yetu, ya kwanza iwe mapema Septemba na ya pili kabla Oktoba haijaisha, ili kinga iwe imekomaa mvua zikifika. Swali la kumuuliza anayekuuzia ni baridi: chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8 na isigande. Boksi lililolala kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa likiwa na barafu iliyoyeyuka limefika likiwa na lebo nzuri tu. Dai kuona kipimajoto chenye kumbukumbu, na boksi lisilo nacho lirudi.

Kumbuka chanjo inamkinga farasi pekee. Mbu waliokuwa wanamuuma mlinzi wanaendelea.

Tumefika kwenye kipimo cha damu, ambacho siku hizi huuzwa kama cheti cha afya ya farasi. Sicho, lakini kikitumiwa vizuri kina thamani kuliko nusu ya vitu vilivyotajwa. Kuna vipimo viwili vya Elisa, njia ya maabara ya kutafuta kingamwili, na risiti mara nyingi haisemi ni kipi kimefanywa. Cha IgM, kingamwili za mwanzo, huonyesha maambukizo mapya: huanza kuonekana kama siku 7 hadi 10 baada ya kuumwa na hupotea baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Cha IgG, kingamwili za kudumu, husema farasi alikutana na virusi siku moja maishani, au alichanjwa. Ndiyo maana damu itolewe kwanza, chanjo baadaye; ukigeuza, umejifutia ushahidi.

IgG ina kasoro nyingine: hudanganywa na virusi vya jamii hiyohiyo, kama Usutu na Wesselsbron. Jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo cha kuzuia virusi hai, kinachofanyika katika maabara chache zenye ulinzi wa juu. Kipimo cha PCR (kinachotafuta virusi vyenyewe) kwenye damu ya farasi mwenye dalili kwa kawaida hurudi hasi hata kama ni West Nile kweli, kwa kuwa virusi vimeshatoka kwenye damu dalili zinapoanza. Usikilipie peke yake.

Farasi wa kupima wachaguliwe kwa akili. Aliyeletwa kutoka Afrika Kusini au Ulaya anaweza kuwa alibeba kingamwili kutoka huko. Mtoto chini ya miezi 6 ana za mama yake. Shahidi bora ni farasi wa mwaka 1 hadi 3, aliyezaliwa hapahapa, hajawahi kusafiri wala kuchanjwa: akiwa na IgG iliyothibitishwa, virusi vilipita kwenye uwanja wako ndani ya uhai wake. Kupima watatu wa namna hiyo kila Mei, mvua zikiisha, kunakupa ramani ya hatari ya mtaa mzima kwa gharama ndogo kuliko kupima ishirini ovyo.

Damu ichukuliwe na munganga wa nyama, yaani daktari wa mifugo, kutoka mshipa wa shingo, mililita 10 kwenye chupa kavu isiyo na dawa. Iachwe igande kivulini, serumu, maji ya juu ya damu iliyoganda, itenganishwe siku hiyohiyo, isafiri kwenye baridi ya nyuzi 4. Serumu ikisubiri zaidi ya siku chache, igandishwe kwenye friza. Damu nzima haigandishwi: chembe hupasuka, serumu inakuwa nyekundu, na labo inaitupa. Kwa mgonjwa, sampuli ya pili itolewe wiki 2 hadi 4 baadaye. Kingamwili zikipanda mara nne, ndilo jibu. Lubumbashi ina kitivo cha tiba ya wanyama kwenye chuo kikuu chake, kwa hiyo mtu wa kusoma karatasi ya majibu hakosekani. Duka lililouza kipimo siyo mahali pa kuisomea.

Farasi akianza kuyumba nyuma, kutetemeka midomo na misuli ya shingo, au kuanguka asiinuke, usianze na West Nile. Anza na kichaa cha mbwa, kwa sababu hicho kinaua mtu. Watu wawili tu wamshughulikie, glavu na miwani, mikono isiingie mdomoni kuangalia kama kuna kitu kimemkwama kooni. Tauni ya farasi nayo iulizwe, na virusi vya Middelburg na Shuni, vilivyopatikana Afrika Kusini kwa farasi wenye dalili hizohizo. Jibu hasi la West Nile halifungi faili. Akifa, kichwa kisipasuliwe bandani: ubongo na uti wa mgongo ndiyo sehemu za farasi huyu zenye hatari kubwa zaidi ya kumwambukiza binadamu West Nile moja kwa moja, kwa kisu kilichoteleza au tone la jichoni. Ukaguzi wa mifugo uarifiwe kabla ya kuzika.

Na ikiwa IgM imerudi chanya kwa farasi yeyote, karatasi hiyo ina kazi ya pili. Palefrenye akipata homa ndani ya wiki mbili, ataenda kituo cha afya, atapimwa malaria, na kipimo kikiwa hasi atapewa paracetamol na kurudishwa nyumbani. Aende na nakala ya majibu ya farasi mfukoni, amwonyeshe munganga, hasa shingo ikikakamaa, akichanganyikiwa au mguu ukilegea, kwa maana hizo si dalili za kusubiri asubuhi.